Kwa nini mafua humlemea haraka mtu mnene

Mtu mwenye mwili mkubwa akiletwa wodini hapa Kisumu akihema kwa homa ya mafua au korona, jamaa zake huniuliza: "Daktari, mbona amezidiwa ghafla hivi, na hana sukari wala presha?" Wana haki ya kuuliza. Jibu limo ndani ya mafuta yenyewe.

Mafuta ya mwilini si akiba iliyokaa tu ikingoja siku ya njaa. Yanafanya kazi usiku na mchana, yakimwaga homoni na kemikali kwenye damu. Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi hutanuka, hewa safi ya damu haizifikii vizuri, nyingine hufa. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kusafisha, na kwa kuwa kazi haiishi, haziondoki. Zikiwa hapo hutoa TNF-alfa na interlukini-6, kemikali zilezile ambazo mwili hutumia kupambana na maambukizi. Huo ndio mchochota: moto mdogo usiozimika, miaka nenda miaka rudi, bila homa wala maumivu. Mwenyewe hana habari.

Virusi vikiingia katika mwili wa namna hiyo, kinga huchelewa. Interferoni, protini za kuzitahadharisha seli jirani, hazitoki upesi inavyotakiwa, na virusi huzaana. Utafiti uliofanyika Nicaragua ulionyesha kuwa watu wazima wanene wenye mafua ya aina A huendelea kutoa virusi kwa siku nyingi kuliko wenzao. Kisha kinga inapoamka huja kwa fujo, maana kemikali zilikuwa tayari nyingi na sasa zinaongezeka juu ya zilizokuwapo. Maji huvuja kwenye vifuko vya hewa mapafuni, damu nayo huganda kwa urahisi.

Juni 2020 madaktari wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, iliokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaidi. Kwangu huo ni ushahidi mzito: ugonjwa ukifika hapo, madhara makubwa hutoka kwa kinga ya mgonjwa mwenyewe.

Tumbo nalo huongeza shida. Mgonjwa mwenye kitambi akilala chali, mafuta ya ndani husukuma msuli wa kupumulia juu, na sehemu ya chini ya mapafu hubanwa. Mwinue aketi au mgeuze alale kifudifudi, na mara nyingi utaona namba kwenye kile kipimo cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu ikipanda kabla hujagusa mtungi wa oksijeni.

Kwetu kunenepa bado ni sifa. Mtu huambiwa amependeza, mambo yamemnyookea. Sitaki mtu yeyote aaibishwe kwa mwili wake. Aibu ndiyo humfanya abaki nyumbani Nyalenda au Kondele akinywa dawa ya kikohozi ya dukani hadi midomo ibadilike rangi. Ikiwa una mwili mkubwa, njoo siku ileile pumzi inapoanza kukatika, na uulizie chanjo ya mafua na ya korona mapema. Uzito ukipungua, hata kidogo kidogo, kemikali za mchochota kwenye damu hushuka. Nanyi wahudumu wenzangu, pimeni kiuno pale mnapopima presha, msingoje sukari ipande.