Kwa nini nyota hurefuka pichani ilhali darubini inazifuata?

Dunia hujizungusha mara moja kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo nyota iliyo kwenye ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia) huhama takriban sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa; sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 za digrii. Darubini ya kupigia picha huwekwa juu ya kitako chenye mota kinachogeuka kwa mwendo huohuo, na pembeni hufungwa kamera ndogo ya kuongozea. Kila baada ya sekunde chache kamera hiyo hupima nyota imeponyoka kiasi gani, kisha programu huiamuru mota irekebishe. Mbona basi nyota hutoka kama punje za mchele?

Wengi hukimbilia programu na kuongeza nguvu ya marekebisho. Mara nyingi huko ni kuzidisha tatizo. Hewa hutikisa mwanga wa nyota kila wakati, na kamera inayopima haraka mno, tuseme chini ya sekunde moja, huanza kukimbiza mtikisiko wa hewa badala ya kosa la mota. Kwanza tazama punje imelalia upande gani. (Kama hujui kaskazini ya picha iko wapi, sogeza darubini kidogo kwa mota inayofuata nyota wakati picha inapigwa, mstari utakaochorwa utakuonyesha mashariki na magharibi.)

Ikilalia mashariki na magharibi, shuku gia. Mota huzungusha skrubu, nayo skrubu husukuma gurudumu jino moja kwa kila mzunguko. Hakuna skrubu iliyochongwa bila dosari, hivyo darubini hutangulia kidogo, kisha huchelewa, na kosa hujirudia kila mzunguko unapoisha. Gurudumu la meno 180 hulirudia karibu kila dakika 8, la meno 144 karibu kila dakika 10. Zima marekebisho kwa muda, acha kamera ipime tu: ukiona wimbi la muda huo kwenye grafu ambayo programu huchora kutokana na vipimo hivyo, umempata mchawi.

Upande wa kaskazini na kusini mambo ni mengine, kwa sababu mhimili wa pili wa kitako, unaogeuza darubini upande huo kwa mota yake, haufuati anga. Kazi yake ni kutulia. Nyota ikiteleza polepole upande mmoja, kitako hakijaelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo anga huonekana kuzunguka. Ikigoma kurudi licha ya amri nyingi, halafu ikaruka ghafla na kupitiliza, meno ya gia yana nafasi kati yao, na mota huzunguka bure kabla hayajagusana. Wapo wanaoikosea ncha kidogo makusudi, ili nyota iteleze upande mmoja tu na meno yabaki yamegusana. Ni ujanja wa ajabu, lakini hufanya kazi.

Linalosumbua kuliko yote ni grafu kuwa tulivu huku nyota zikiendelea kurefuka. Hapo kamera ya kuongozea haidanganyi, ila haitazami pale darubini kubwa inapotazama: pete ya kushikia darubini iliyolegea, waya unaoning'inia au kioo kinachohama vimezitenganisha taratibu. Kaza kila skrubu kwanza. Ikishindikana, kuna kifaa chenye prizimu ndogo inayochota mwanga pembeni mwa darubini kuu na kuupeleka kwenye kamera ya kuongozea, hivyo zote mbili hutumia lenzi au kioo kilekile.