Macho yako mazima, na bodaboda hukuiona

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa dereva wa daladala: "Daktari, macho yangu mazima. Ile pikipiki haikuwepo." Nikampima. Kweli, mstari wa 6/6, herufi ndogo ambazo jicho zima huzisoma kutoka mita sita, kausoma bila kukunja uso, na karatasi akaiomba akamwoneshe tajiri wake.

Jamani, 6/6 ni kipimo cha katikati tu! Nyosha mkono, tazama ukucha wa dole gumba. Eneo la upana huo, kama nyuzi 2 za pembe, ndilo unaloliona kwa ukali kamili, wakati uga wa macho mawili, yaani eneo lote yanaloliona yakiwa yametulia, unakaribia nyuzi 200. Kaza macho kwenye neno moja hapa, kisha bila kuyasogeza jaribu kusoma neno la nne kulia. Herufi unazihisi zipo, ila zimesongamana, hazisomeki.

Huko pembeni, kinachokufikia kinategemea sana umakini umeuelekeza wapi, na umakini huhama hata jicho likiwa limetulia. Mwanasaikolojia Michael Posner alilionesha hilo mwaka 1980: watu waliodokezwa mwanga utatokea upande gani waliugundua upesi zaidi, macho yakiwa palepale. Upande uliosahauliwa ulichelewa. Mwaka 1999 wanasaikolojia Simons na Chabris wakawahesabisha watu pasi za mpira kwenye video. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa kama sokwe akikatiza katikati. Katikati, si pembeni!

Sasa turudi kituoni. Dereva wangu anatoka, akili yote iko kwenye kioo cha kulia akiwinda upenyo. Bodaboda inajipenyeza kushoto. Taswira yake imefika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, tena vizuri tu, lakini hakuna aliyeipokea. Ndiyo maana namwamini anaposema hakuiona. Ila haikuwepo? Ilikuwepo. Geuza shingo, ndugu yangu, kushoto pia, kabla gurudumu halijazunguka.

Na usiniambie simu unaongea kwa spika, mikono iko kwenye usukani. Mikono haioni.

Wengine huniambia: "Pembeni naona ukungu, niandikie miwani." Kama katikati ni safi, mara nyingi ukungu huo ni wa kila mtu, miwani haiutoi.

Au: "Presha ya macho ningeijua, ningeona weusi pembeni." Hapana. Ubongo huziba pengo ambalo ugonjwa huo huliacha kwenye uga, nawe mara nyingi huoni weusi wowote. Dereva huyo nimempangia kipimo cha uga Alhamisi. Amelalamika kuwa karatasi ya 6/6 tayari anayo.