Rula iliyo ndani ya kinywele cha seli

Juzi nikipita Kondele hapa Kisumu nilisimama kwa saiti moja nikiangalia fundi akifunga ringi za nguzo. Tepu hakuwa nayo, alikuwa na kijiti tu amekikata mara moja, anakiweka kwa chuma, anafunga ringi, anakisogeza, anafunga ingine, na nguzo yote inatoka na nafasi sawa kabisa. Nikasema ala, si hii ndio kitu huwa natafuta maneno ya kuwaelezea wanafunzi wangu kuhusu silia!

Silia ni vile vinywele vidogo sana vya seli, kama vile vya njia ya hewa vinavyosukuma kamasi na vumbi kurudi kooni. Upana wake ni kama robo ya maikroni, na maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Ukikikata kimoja ukaangalia ndani utaona jozi tisa za mirija zimejipanga duara, na mirija miwili peke yake katikati, yote imejengwa na protini inaitwa tubulini. Na kwa sababu hakuna mahali pa kutengenezea protini mle ndani, kila kitu lazima kibebwe kutoka kwa seli. Kinesini, protini inayotembea juu ya mirija ikibeba vitu, inapandisha mzigo hadi nchani, kule ndiko ujenzi huendelea, halafu protini ingine ya kubeba, dainini moja, inarudisha vilivyobaki. Usafiri huu ulionekana mara ya kwanza 1993, maabara ya mwanasayansi Joel Rosenbaum pale chuo kikuu cha Yale, Marekani, kwa mwani wa kijani Chlamydomonas ambao una mikia miwili iliyojengwa hivyo hivyo.

Lakini hata mirija ikishajengwa, silia bado haipigi, yaani haichapi huku na huku. Inahitaji dainini zingine, hizi ni mota za kuisukuma, zifungwe kwa ile mirija ya nje, na mpangilio wao hujirudia kila nanomita 96 (nanomita elfu moja ndiyo maikroni moja), tena na tena hadi mwisho. Nani anapima? Ni protini mbili ndefu, CCDC39 na CCDC40, zinashikana na kulala juu ya mrija, na urefu wao ndio kipimo. Mwaka wa 2014 watafiti wa Japani walirefusha protini hizo mbili kwa huo mwani, na mpangilio ukajirudia kila nanomita 128 badala ya 96. Yaani ukibadilisha kijiti, nguzo yote inabadilika! Mimi hiyo majaribio naipenda kuliko zote.

Sasa kuna watoto wanazaliwa kijiti chao, yaani CCDC39 au CCDC40, kimeharibika. Mota za ndani zinakosekana, mirija inapangika ovyo, silia hazisukumi vizuri, kwa hivyo mtoto anakohoa kikohozi cha makohozi na mafua hayaishi tangu siku za kwanza, anatibiwa nimonia mara hii na mara ile. Na kati ya wenye ugonjwa huu wa silia, karibu nusu viungo vya ndani vimegeuka, moyo uko kulia na ini kushoto, kwa sababu ni silia za kiinitete zinazosukuma maji upande mmoja ndio mwili ujue kushoto ni wapi.