"Nimezaliwa Mwanza, mwaloni nikajifunze nini?"

Wanafunzi wa ushauri nasaha wanaosoma mtandaoni wakifika kwenye zoezi la kuishi na jamii isiyo yao, visingizio vinafanana. Nimewasimamia kadhaa hapa Mwanza, na haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

Dhana: "Mimi ni wa hapa hapa, watu nawajua."

Mwanza ni kwa Wasukuma, sawa. Lakini panda kivuko cha Ukerewe ukutane na Wakerewe, Wajita na Wakara, au shuka Kirumba Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, usikilize lugha zinazopita kati ya magunia ya dagaa. Msukuma wa Buzuruga anayesoma kwa bando sebuleni kwake ni mgeni kwenye kambi ya wavuvi, hata kama bodaboda inafika kwa nusu saa. Zoezi halidai safari ndefu. Linadai mahali ambapo wewe ndiye usiyejua taratibu.

Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda siku nne mfululizo kwenye mwalo wa Ilemela. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha plastiki na daftari lake, akawauliza kina mama wanaoanika dagaa wanakabilianaje na msongo wa mawazo. Wakacheka, wakamdhania mtu wa mikopo. Siku ya tatu aliacha daftari nyumbani, akainama kugeuza dagaa pamoja nao. Hapo mama mmoja akasema, bila kuulizwa, kwamba mbalamwezi ikianza hapati usingizi: taa hazivuti dagaa, mitumbwi inabaki ufukweni, na rejesho la kikundi halingoji. "Nakuwa na mawazo," alisema. Mnasihi, yaani mshauri nasaha, asiyeijua kalenda hiyo ya mwezi atadhani anaona ugonjwa unaokuja na kuondoka.

Dhana: "Nitakwenda makumbusho ya Bujora, nitaandika ripoti."

Nenda, makumbusho hayo ya Wasukuma ni pazuri, na ukibahatika utakuta ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana. Ila makumbusho hayakuulizi wewe ni nani na umefuata nini.

Dhana: "Nikishazijua mila zao, nimemaliza."

Mwaka 1992, kule Marekani, Derald Wing Sue, Patricia Arredondo na Roderick McDavis walipoandika viwango vya unasihi wa tamaduni nyingi, walimtaka mnasihi ajue kwanza imani na upendeleo wake mwenyewe. Mwaka 1998 madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García wakaja na unyenyekevu wa kitamaduni: kujifunza huku hakuna siku ya kuhitimu. Nilidhani ni maneno ya darasani tu, mpaka niliposoma shajara ya yule mwanafunzi wa mwaloni. Binti mmoja alikuwa akiongea naye huku ameinamisha macho, kwa heshima kama alivyolelewa. Aliandika: "Miaka yote nimemwona asiyenitazama kuwa ananificha kitu."

Dhana: "Anayesoma mtandaoni hawezi zoezi hili."

Anaweza, tena anaishi humo humo kwenye jamii. Hatari yake ni simu. Wapo wanaopiga picha za watu na kuzirusha kwenye kundi la darasa la WhatsApp, wakati kutunza siri ndiyo kazi wanayosomea. Mmoja nilimrudisha mwaloni akaombe ruhusa ya picha alizokwisha kuzituma. Watatu walikubali. Wa nne akasema ifute, akasimama pale pale akichungulia kioo cha simu mpaka ikafutika.