Wicca si "fanya utakalo"

Ukifuatilia mabishano kuhusu Wicca, hakosekani mtu wa kusema, "Wale dini yao ni moja tu: fanya utakalo." Mwingine atadakia na kumtia shetani. Kinachoniudhi ni kwamba sentensi yenyewe imekatwa, na kipande kilichotupwa ndicho chenye maadili.

Kwa kifupi, Wicca ni dini ya kipagani iliyoibuka Uingereza katikati ya karne ya 20. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, mstaafu aliyewahi kuwa ofisa wa forodha kule Malaya. Sheria ya uchawi ya 1735 ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gardner akatoa kitabu kuhusu dini hiyo. Wafuasi wengi humwabudu Mungu wa kike, anayehusishwa na mwezi, pamoja na Mungu wa kiume mwenye pembe, wa misitu na mawindo. Wana sikukuu 8 kwa mwaka zinazofuata jua na majira, hukutana mwezi ukiwa mpevu, na wengi wao huamini kwamba mtu akifa huzaliwa tena. Hawana papa wala msahafu mmoja. Wana Kitabu cha Vivuli, chenye ibada na uganga wao, ambacho kwa desturi anayeingizwa kwenye dini hukinakili kwa mkono wake kutoka kwa aliyemwingiza. Gardner alidai kwamba haya yote ni mabaki ya dini iliyokuwepo kabla ya Ukristo. Wanahistoria wamelikataa dai hilo.

Sasa hiyo sentensi. Wenyewe huiita Rede, yaani nasaha, kwa Kiingereza cha zamani. Mwaka 1964 Doreen Valiente, aliyekuwa kuhani mwenza wa Gardner, aliitamka hadharani, na kwa Kiingereza ni maneno 8 tu: ikiwa haimdhuru yeyote, fanya utakalo. Inaanza na sharti. Ukiliondoa sharti, umebaki na kauli ya mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo ni Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa mambo ya uchawi. Kitabu alichokiandika Cairo mwaka 1904 kinasema kwamba kufanya utakalo ndiyo sheria yote, basi, bila kutaja madhara. (Hata yeye alisisitiza kwamba anazungumzia utashi wa kweli wa mtu, si tamaa za Jumamosi usiku.) Gardner alikutana naye mwaka 1947, miezi michache kabla Crowley hajafariki, na alichota mengi kwenye maandishi yake, kwa hiyo naelewa mkanganyiko unakotoka. Lakini Gardner alipoandika kuhusu maadili mwaka 1959, hakumtaja Crowley. Alimtaja mfalme mmoja wa hekaya, Pausol, aliyewaruhusu watu wake wafanye wapendalo ilmradi wasimdhuru mtu. Mfalme huyo ni mhusika wa riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1901, riwaya ya kuchekesha! Dini inayodai ukale wa karne na karne imeazima nasaha yake kwenye kichekesho. Binafsi sioni ubaya, nasaha ni nzuri.

Tena ina makali kuliko inavyoonekana. Chukua limbwata. Kwetu mtu anaweza kulitafuta bila kujiona mwovu, maana anapenda tu, hamuui mtu. Wafuasi wengi wa Wicca watakuambia hilo halifai: ukimfanyia uganga mtu fulani ili akupende, umemnyang'anya hiari yake, na kumnyang'anya mtu hiari ni kumdhuru. Wengi husema pia kwamba "yeyote" ni pamoja na wewe mwenyewe, hivyo kujiharibu kwa ulevi nako kumo. Halafu kuna imani kwamba ulichokituma, kizuri au kibaya, hukurudia mara 3. Wapo wanaolichukua hilo kama hesabu kamili, na wapo wanaolicheka.

Kuhusu shetani sitakaa sana. Pembe za yule Mungu ni za mnyama wa mwituni, kama kulungu. Shetani ni wa Biblia na Kurani, na Wicca haina nafasi yake, awe wa kuabudiwa au wa kuogopwa. Kanisa la Shetani lilianzishwa na Anton LaVey huko San Francisco mwaka 1966, na ni jambo jingine. Ni kweli wafuasi wa Wicca hujiita wachawi, na hapo sikio la Mswahili hushtuka kwa haki, kwa sababu mchawi wetu kazi yake ni kudhuru. Wao wanazungumzia ibada na mazoea yao. Marekani, tangu mwaka 2007, askari wa zamani aliyekuwa mfuasi wa Wicca anaweza kuchongewa nyota yenye ncha 5 ndani ya duara kwenye jiwe la kaburi lake la serikali, kama Mkristo anavyochongewa msalaba.

Hulazimiki kuikubali dini hii, na ukitaka kuibana kwa hoja, nafasi ipo. Ila nukuu maneno yote 8 kwanza, kisha bana pale penye "yeyote". Muulize mfuasi kama mbuzi wa kuchinjwa yumo, kama jambazi aliyevunja mlango wako usiku naye yumo. Atakujibu kwa kirefu, na mwenzake aliyekaa pembeni huenda akampinga.