Kuki ikisomwa vibaya, mtandao hulaumiwa bure

Karani wa chama cha msingi Tandahimba anaingia kwenye mfumo kusajili kilo za korosho. Nywila inakubaliwa, ukurasa unafunguka, akibofya mara ya pili anaambiwa aingie upya. Wakulima wanasubiri. Kila mtu atasema: mtandao wa kusini ndio ulivyo.

Dhana hiyo ina asili yake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima ilihangaika. Lakini mtandao ukiwa mbovu, ukurasa hukwama au haufunguki kabisa. Ukifunguka vizuri kisha mfumo ukakusahau papo hapo, ichunguzwe kuki kwanza. HTTP, yaani utaratibu ambao kivinjari na seva (kompyuta inayohudumia mfumo) huwasiliana nao, yenyewe haikumbuki mtu. Ndiyo sababu Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari, alibuni kuki mwaka 1994: kijimaandishi chenye jina, alama ya usawa (=) na thamani, ambacho kivinjari hukirudisha kwa seva katika kila ombi.

Dhana: kusoma kuki ni kukata maandishi kila penye alama ya usawa.

Hapa ndipo waandishi wengi wa programu huteleza. Thamani nayo inaweza kubeba alama hiyo. Maandishi ya Base64, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida, mara nyingi huishia na alama moja au mbili za usawa. Programu ikikata kila inapoiona, mkia wa thamani hupotea, sahihi ya usalama hailingani, mtu anatolewa nje. Na kwa kuwa si kila thamani ina mkia huo, karani mmoja anafanya kazi bila shida huku mwenzake wa meza hiyo hiyo, kwa bando lile lile, akikataliwa. Dawa ni kukata penye alama ya kwanza tu. Jina nalo lilinganishwe lote, maana anayetafuta "id" kama kipande ataikuta pia ndani ya "sid".

Dhana: futa kuki, tatizo limekwisha.

Hapana. Ukiingia upya unapewa thamani nyingine, pengine isiyo na mkia, basi unadhani umepona. Kosa bado liko kwenye seva, na si haki kumbebesha karani.

Dhana: kuki tupu haina madhara.

Katika Apache, programu ya kuendesha seva za wavuti, matoleo 2.2.17 hadi 2.2.21, kwa mipangilio fulani ya kuandika kumbukumbu za maombi, kuki isiyo na jina wala thamani iliweza kuiangusha seva. Ilirekebishwa katika toleo 2.2.22, mwaka 2012.

Kwa hiyo anayerekebisha asome RFC 6265, waraka wa kanuni za kuki wa mwaka 2011, kisha aandike majaribio kabla ya kugusa seva ya kazini: thamani yenye alama za usawa mwishoni, kuki tupu, nukta mkato inayotenganisha kuki lakini isiyofuatwa na nafasi, na kuki mbili zenye jina moja, ambazo seva haipaswi kutegemea mpangilio wake. Majaribio hayo yafanyike kabla ya Oktoba, korosho hazijaanza kuingia ghalani.