Ndege kupaa tena si rubani kushindwa

Kila mvua zikianza, makundi ya WhatsApp hapa Kigoma huzungusha ujumbe uleule: ndege ikikaribia kutua kisha ikapaa tena, eti rubani amekosea na abiria wameponea chupuchupu. Si kweli.

Rubani anayeshuka mawinguni kwa kufuata vyombo vya ndege, bila kuona nje, huwa na kimo cha mwisho anachokijua mapema. Kwa mfumo kamili wa redio unaoongoza ndege kutua, kwa kawaida ni futi 200, kama mita 60, juu ya njia ya kurukia. Mbinu nyingine nyingi za kushuka huhitaji kimo kikubwa zaidi. Akifika hapo asione njia wala taa zake, lazima apae. Hatari ni kuendelea kushuka. Kimo hicho kimechapishwa kwenye chati za kutua. Muulize rubani akuonyeshe.

Injini zikinguruma ghafla mtu huogopa, naelewa. Ila tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Ndugu wanaosubiri uwanjani huusoma.